Umeajiriwa na Bosi Asiye na Meno

Hongera, umepata kazi. Hukuandika barua ya maombi, hukuitwa kwenye usaili wala hujasaini mkataba, lakini tangu siku mtoto alipotoka hospitali ya Somanda akiwa amefungwa kwenye kanga mbili, wewe ni mtumishi wake. Bosi huyu hana meno, hajui kukaa, hawezi kusubiri hata mama atue ndoo, na zamu anazipanga mwenyewe, nyingi zikiwa za usiku. Kazi aliyokupa ni moja: kucheza naye. Kumwogesha, kumnyonyesha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza ni sehemu za kazi hiyo hiyo, na asiyelijua hilo ndiye anayelalamika kwamba hana muda wa kucheza na mtoto.

Mwongozo huu ni wa watu wa Somanda, Malambo, Sima na mji mzima wa Bariadi, kwa nyumba ambazo fedha ya pamba huwa imeshagawanywa kabla mizani haijafunguliwa: deni la duka, sare za shule, bati tatu za kumalizia paa. Kwa hiyo hutaambiwa popote humu ununue kitu. Vifaa vyote viko jikoni, kwenye kamba ya kuanikia nguo, na usoni pako.

Anza na huo uso. Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na hapo ndipo uso wa mama unapokuwa wakati wa kunyonyesha. Mbali zaidi ya hapo ni ukungu, hata ungemtundikia taa za rangi. Basi msogelee. Pandisha nyusi, panua macho, toa ulimi taratibu, urudishe. Fanya polepole kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu bosi anahitaji muda wa kukusoma. Kama wewe ni mzee wa baraza na watu wanakuheshimu, fanya vivyo hivyo, na mlango usiufunge. Wajukuu wengine wapite waone.

Ukishamwonyesha uso, nyamaza umngoje. Hapo ndipo wengi wanapofeli kazi. Mtu mzima akiona mtoto kimya anaongeza kelele, anatikisa funguo, anapiga mluzi, anaita majina yote ya ukoo, na mtoto anageuza shingo upande wa pili. Kumbe alikuwa anatafuta jibu, na jibu la mtu wa miezi mitatu linachukua muda kutoka tumboni hadi mdomoni.

Kuna bibi mmoja pale Somanda niliyemtazama akiifanya kazi hii kwa ustadi wote. Alikuwa amekaa mkekani chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha, ungo wa choroko alizokuwa akichambua ameusukuma pembeni. Mjukuu wa miezi mitatu na kitu amemlaza juu ya mapaja, kichwa magotini, nyayo zikimgusa tumbo.

“Mwangaluka, mume wangu,” akamsalimu.

Mtoto akamkodolea macho. Bibi akanyamaza. Mtoto akakunja midomo, akapiga teke moja, akakunja ngumi, na mwisho akatoa: “Aguu.”

“Ehee! Kumbe ng’ombe wamesharudi?”

Akanyamaza tena. Mguu wa kulia ukapiga, wa kushoto ukafuata.

“Aguuu.”

“Wote? Hata yule mwenye pembe moja?”

Mazungumzo yakaenda hivyo mpaka mtoto alipogeuza uso na kupiga miayo. Bibi hakumfuata. “Haya, umechoka na mambo ya zizi,” akasema, akamlaza begani, akavuta ungo wake. Katika dakika zile chache mtoto alijifunza kwamba sauti yake ina kazi duniani, kwamba watu huzungumza kwa zamu, na kwamba akichoka anasikilizwa. Hakuna mchezo mwingine katika mwongozo huu unaoushinda huo. Yote yanayofuata ni namna nyingine za kuucheza: mtoto anatoa kitu, wewe unajibu, kisha unamngoja atoe kingine.

Wataalamu wanauita malezi yenye mwitikio, na serikali imeyaweka kwenye Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Humo yamepangwa pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Wasikutishe kwa urefu wa jina. Bibi wa choroko anaitekeleza programu nzima akiwa amekaa chini. Na sababu ya kuanza mapema kiasi hiki iko kichwani mwa mtoto mwenyewe: ubongo wake unazaliwa ukiwa na robo hivi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na kufikia miaka miwili umeshafika karibu robo tatu. Hakuna miaka mingine ambayo ubongo wake utajengwa kwa kasi hiyo, na sehemu kubwa ya ujenzi huo inafanyika kabla hajaweza kukwambia asante.

Bosi huyu ana adui mmoja, nayo ni simu yako. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwenye simu ya kupangusa angepaswa kulijua. Mama anacheza na mtoto wake kwa raha, kisha anaambiwa aukaushe uso kwa muda mfupi: amtazame mtoto bila kutabasamu, bila kusema, bila kujibu. Mtoto anatabasamu ili kumvuta mama. Hapati kitu. Anatabasamu tena, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Mwisho anageuza uso, anajikunja, wengine wanalia. Mama hajamgusa wala hajamkaripia, amemnyima jibu tu. Sasa fikiria uso wako ulivyo unaposoma ujumbe wa kundi la ukoo kuhusu mchango wa harusi. Mambo ya harusi ni muhimu, yajibu, ila mwambie mtoto kwanza: “Subiri baba, namjibu shangazi.” Kisha rudi kweli.

Na usimpe simu yenyewe ashike atazame katuni ili wewe upumzike. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Aprili 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja hafai kuwekwa mbele ya kioo cha simu wala televisheni. Kioo hakingoji zamu ya mtoto, kinaendelea tu. Tumia simu kwa muziki, umbebe mtoto, ucheze naye. Hapo inakuwa imefanya kazi ya maana.

Muziki kwenu haukosi. Kila msimu baada ya mavuno ngoma za Bagika na Bagalu huvuta watu uwanjani, na kila familia ina upande wake. Mtoto wa miezi mitano hana upande. Mbebe kifuani akiwa amekutazama, shika shingo na mgongo, cheza taratibu kulia, kushoto, simama ghafla. Simama kweli. Mngoje. Akipiga teke au akacheka, hiyo ni amri ya kuendelea. Utashangaa jinsi bosi anavyojua kutumia amri hiyo kuanzia siku ya pili.

Kuhusu lugha, nina neno kwa wazazi vijana wa Bariadi ambao wamekatazana kusema Kisukuma mbele ya mtoto eti Kiswahili chake kitachelewa. Mwongeleshe mtoto kwa lugha inayokutoka bila kufikiri. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 huko Kanada kwamba mtoto wa miezi sita hivi anaweza kutofautisha hata sauti za lugha ambayo hajawahi kuzungumziwa, na karibu na mwaka mmoja anabaki amezinoa zile anazozisikia nyumbani. Ana nafasi ya Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha mama bila moja kuisukuma nyingine nje. Mtoto ananyauka kwa ukimya. Msimulie unachokifanya: “Sasa tunapepeta. Pepe, pepe, makapi yameruka. Umeyaona?” Mwambie bei ya nyanya. Mwambie nani kapita barabarani na kwa nini hakusalimia. Siri zako hazitatoka.

Kisha kuna kazi ya tumbo. Mtoto akiwa macho na wewe ukiwa hapo hapo, tandika mkeka, weka kanga juu, umlaze kifudifudi. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikikatwa vipande vipande. Siku za mwanzo dakika moja inatosha, kwa sababu kichwa ni kizito na bosi atafoka. Usimnyanyue papo hapo wala usimwache afoke peke yake: lala kifudifudi na wewe, uso kwa uso, kidevu mkekani. Ndiyo, na gauni la kanisani. Mwite kwa jina. Atanyanyua kichwa atafute sauti inatoka wapi, akikuona pale chini alipo yeye atastaajabu, na shingo itakuwa imefanya kazi yake. Usingizi ukimchukua mgeuze alale chali, kwa maana kifudifudi ni kwa michezo tu.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe kwamba mafunzo hayo yanazaa matunda. Charles Super aliishi kati ya Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya, na mwaka 1976 akachapisha alichokiona. Akina mama wa Kokwet walikuwa wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, wakiwaegemeza, wakiwashika, wakiwasimamisha, na watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Kutambaa, ambako akina mama hawakuwa wakikufundisha, watoto hawakukuwahi. Kwa hiyo mama anayemkalisha mwanawe katikati ya kanga iliyoviringishwa duara, akiwa kazungukwa pande zote asianguke, hadekezi mtu. Anafundisha. Endelea mama.

Lakini mashindano na jirani yaache. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo: kutembea bila kushikwa kulianzia miezi 8 na siku chache kwa wengine, na kwa wengine kulisubiri hadi miezi 17 na nusu hivi. Wote wazima. Na takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, waliruka hatua hiyo wakaenda zao. Mtoto wa jirani akitembea na miezi tisa, mpigie makofi kwa moyo mweupe, kisha rudi mkekani kwako.

Sasa vifaa. Kikapu kimoja kinatosha, na ndani yake weka vitu visivyofanana: mwiko, kata, kifuniko cha sufuria, kopo la plastiki, kipande cha kitenge, kikombe cha bati. Kitu kigumu, kitu laini, kitu baridi, kitu chenye sauti. Mtoto wa miezi sita akiketishwa mbele ya kikapu hicho ataingiza kila kitu mdomoni, na asizuiwe, kwani mdomo wake ndio unaomwambia mwiko una umbo gani. Wewe osha vitu, kaa karibu, taja jina la kila anachoshika. Ukiona amekichoka, ficha nusu ya vitu juu ya kabati kwa wiki moja. Vikirudi vitapokewa upya kabisa.

Kayamba ni rahisi: chupa ndogo ya maji ya kunywa, kavu, mahindi kiganja kimoja, kifuniko kikazwe kisha kifungwe kwa utepe wa gundi mpaka mtu mzima mwenyewe ashindwe kukifungua. Itikise upande wa kulia, mngoje ageuke. Upande wa kushoto, mngoje. Siku atakayonyoosha mkono aidake, mwachie. Kisha jibu mdundo wake: akitikisa mara moja, piga kofi moja, na akitikisa mara mbili piga mawili.

Na hapa nitaongea na wewe kwa ukali kidogo, kwa sababu huu ni mkoa wa pamba. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kupulizia pamba haioshwi ikawa kayamba. Haiwi kikombe cha kuchezea kwenye beseni. Haiwi chochote. Sabuni haimalizi sumu, na kila kitu cha mtoto mwisho wake ni mdomoni. Ukisafisha stoo ukaona chupa nzuri yenye mfuniko mwekundu na hujui ilibeba nini, jibu ni hapana. Nguo ulizovaa ukipulizia zivue na uoge kabla hujambeba mtoto, hata kama anakulilia mlangoni. Mwache alie dakika tano mikononi mwa mwingine.

Hatari nyingine zote ziko ndani ya uwanja wa michezo wenyewe, ndiyo maana mchezaji mmoja lazima awe mtu mzima. Choroko, dengu, karanga, mahindi yaliyomwagika, kifungo, sarafu: kitu chochote kidogo kinachoweza kuzama chote mdomoni kiokotwe kabla mtoto hajawekwa chini. Ndoo yenye maji, hata ya kina cha kiganja, ifunikwe au iinuliwe. Jiko la mkaa liwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, na ujue kwamba wiki hii hafiki, wiki ijayo atafika. Akianza chakula baada ya miezi sita, mpe kiazi kitamu kilichochemshwa kikaiva, akiponde mwenyewe kwa vidole, apake usoni, apake na wewe. Huo nao ni mchezo, tena wa vidole na wa macho. Michembe, yaani viazi vikavu, imsubiri mpaka awe mtafunaji.

Mchezo wa kanga unahitaji ukurasa wake. Jifunike uso, uliza, “Mama yuko wapi?” Ngoja. Funua: “Huyu hapa!” Kwa mtoto wa miezi mitatu hayo ni maajabu ya rangi. Karibu na miezi minane jambo kubwa zaidi linatokea: anaanza kuvuta kanga mwenyewe. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona katika umri huo mtoto anaanza kutafuta kitu kilichofichwa, maana yake amejua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Waliokuja baada yake wakaonyesha kwamba dalili za ujuzi huo huanza mapema zaidi. Na si ujuzi mdogo. Huyu ni mtoto ambaye kila siku anamwona mama akipotea kwenye kona ya njia ya shambani. Kwenye kanga anajifunza, kwa kicheko, kwamba aliyepotea anarudi. Kwa hiyo unapokwenda shamba usimtoroke akiwa ameangalia pembeni. Muage. Atalia, na jioni ukirudi umwambie, “Huyu hapa!” kwa sauti ile ile ya mchezo.

Baada ya hapo utaingia kipindi cha kijiko. Unampa kijiko, anakiangusha. Unaokota, anakiangusha. Mara ya kumi mgongo unauma na maneno “mtundu huyu” yako kwenye ulimi. Yameze. Anafanya utafiti wa mambo mawili kwa wakati mmoja: kama vitu huanguka chini kila siku, na kama wewe huinama kila siku. Majibu yote mawili anayahitaji. Funga kijiko kwa uzi mfupi kwenye kiti kama mgongo umegoma, umwonyeshe jinsi ya kukivuta juu, na umempa somo la tatu. Uzi uwe mfupi usifike shingoni, na mchezo ukiisha uondolewe.

Sasa baba, njoo hapa. Najua mahali ulipo, kwenye benchi la drafti, na najua sababu: uliambiwa mtoto mchanga ni wa mama, wewe utamchukua akianza kutumwa dukani. Aliyekwambia hivyo alikunyima. Mtoto anakujua kwa sauti na kwa harufu muda mrefu kabla hajakuita, na namna yako ya kucheza ni tofauti na ya mama, naye anazitaka zote mbili. Vaa kofia, mwinamie aivute. Mweke kwenye mapaja, mshike kwapani, mchezeshe kwa magoti polepole huku ukiimba safari ya kwenda Lamadi, na mashimo yote ya barabara uyataje. Hewani usimrushe, na kamwe usimtikise, hata ukiwa umechoshwa na kilio usiku wa manane. Ubongo wake bado laini na shingo haijakaza, kumtikisa kunaweza kumuua au kumpofusha. Kilio kikikuzidi mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta hewa, mwite mtu. Kisha kesho rudi na kofia yako. Wenzako wa drafti wakikucheka, waje nao na watoto wao, benchi ni refu.

Kuna mfanyakazi mwenzako mwingine ambaye hatajwi kwenye vitabu vingi: dada mtu wa miaka minane. Katika nyumba nyingi za mkoa huu wa Simiyu ndiye anayembeba mtoto saa ambazo watu wazima wako shambani au sokoni, na michezo anaijua kuliko sisi, kwa kuwa hajasahau. Mshukuru kwa jina. Mfundishe yale ya ndoo, jiko na punje, asikimbie na mtoto mgongoni, na asiachwe naye peke yake kutwa nzima. Na asikose shule kwa sababu ya mdogo wake. Hilo nalisema bila kulipamba: mtoto wa darasa la pili anayebaki nyumbani kulea amebebeshwa ajira yetu.

Kila jioni, kabla ya kulala, fanya zoezi moja dogo. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala na kuanza kuwatembelea akina mama 26 wa Kiganda kwenye vijiji vya karibu, akikaa nao sebuleni alasiri, akitazama watoto wao na kuuliza maswali. Aligundua kwamba mama aliyeweza kumsimulia mambo ya mwanawe kwa undani, kitu kidogo hiki na kile, bila kukimbilia habari nyingine, kwa kawaida mtoto wake ndiye aliyekuwa mtulivu, anayethubutu kutambaa mbali na mama kwenda kutazama dunia na kurudi. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mawazo yake yaliyoanzia sebuleni kwa Waganda sasa yanafundishwa duniani kote. Zoezi lenyewe basi: mwambie mwenzako mambo matatu ambayo mtoto amefanya leo. Si “kala, kalala”. Sema alivyoikataa kofia. Sema alivyomtazama jogoo, akamgeukia bibi kuona kama na yeye amemwona. Ukikosa matatu, kesho tazama zaidi.

Kutazama huko ndiko kutakakokusaidia kliniki. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 unakwenda kwa chanjo, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa surua na rubela, na katikati kuna siku za mizani, mtoto ananing’inia kwenye ile kaptula akiwa amekasirika. Uzito ukishaandikwa kwenye kadi usikimbilie nje. Mwambie muuguzi ulichokiona kwenye michezo: miezi mitatu imepita hatabasamu akitabasamiwa, hashtuki mlango ukipigwa, hafuati kitu kwa macho, kichwa hakijakaza na miezi minne imefika, miezi tisa na hajaweza kukaa, mwili umelegea mno au umekakamaa, au alikuwa anajua jambo na sasa ameliacha. Hilo la mwisho lipeleke siku hiyo hiyo, usingoje siku ya mizani. Usimfiche mtoto ndani, na usipoteze miezi ukitafuta nani kamroga. Masikio, macho na miguu husaidika vizuri zaidi vikigunduliwa mapema, na wewe uliyecheza naye kila siku ndiye unayeona kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe. Huyu naye achezewe michezo yote ya hapa, pengine mara mbili ya wengine.

Mwaka ukitimia, bosi ataanza kusimama akishika benchi, kisha ataliacha. Hapo anzeni mchezo ambao mabibi wetu wanauthamini kuliko yote, wa kutumwa. Mpe kikombe kitupu cha plastiki, mwelekeze kwa mkono, sema maneno machache: “Mpelekee babu.” Umbali uwe hatua tatu. Atakwenda, atasimama katikati kumtazama kuku, atakaa chini, atakilamba kikombe, ataondoka tena. Usimharakishe na usimfuate kwa nyuma ukimsukuma. Babu naye asikinyooshee mkono mapema. Mtoto akifika, babu akipokee, anywe chote kilichomo, ashukuru kwa heshima zote, kisha aseme maji hayajamtosha, amrudishe kwa mama.